Msemaji Aliyetangulia

Nina maoni kuhusu karibu kila jambo linalofanywa na serikali, na kwa miaka mingi sikuwahi kuyasema mbele ya watu zaidi ya watatu. Nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi mjini Musoma. Shule niliishia kidato cha nne, na matokeo yangu sipendi kuyataja. Mengine nimejifundisha mwenyewe, kwa kusoma barua za malalamiko ninazowachapia wateja, magazeti ya kufungia vitumbua, na sera ambazo wizara huziweka mtandaoni. Bima ya afya, mitaala mipya, Katiba, kote nina maoni. Huwa nayaandika kwenye simu, nahamisha koma, nabadilisha neno, kisha nafuta yote.

Mjomba wangu wa Butiama, ambaye hubishana na redio kama vile inamsikia, ananiita waziri asiye na wizara maalumu. "Unajua yote," aliniambia siku moja. "Siku wakikuuliza utawaambia wasubiri kwanza uyapige pasi?"

Siku yenyewe ilikuja kwa simu ya mama. Mama anaanika dagaa mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, katika kijiji kimoja upande wa Bukima. Kulikuwa na mradi wa vizimba vya kufugia samaki ziwani, na mradi ulihitaji sehemu ya ufukwe kwa ajili ya ghala na uzio. Sehemu hiyo ilikuwa ule mchanga ambao mama na wenzake wanaanikia. Mkutano mkuu wa kijiji ungekaa Jumamosi kutoa maoni.

"Njoo utusemee," mama alisema. "Wewe ndio unajua Kiswahili cha serikali."

Maneno hayo yalinichoma, maana najua nani alimfanya mama akione Kiswahili chake hakifai. Tangu niko darasa la tano nilikuwa namsahihisha mbele ya wageni: si naanikaga, mama, ni huwa naanika. Mwishoni akawa anainyamazia mikutano.

Niliandika hotuba yangu mara nne. Vizimba sivipingi. Samaki ziwani wamepungua kweli, na serikali inayowaambia vijana wafuge sato haijakosea. Ugomvi wangu ni na mazoea. Sera inafika ikiwa imeshachagua pa kukaa, ndipo tunaitwa kutoa maoni. Halafu kwenye karatasi zao akina mama wa dagaa wanaitwa wadau. Mdau anaweza kuwa popote. Mama yangu hawezi kuanika popote. Pembeni ya mchanga ule kuna miamba, na mbele kuna maji. Hayo ndiyo niliyotaka kuyasema, na bado nayaona ni sahihi.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi, pembeni ya ukuta wa darasa. Nilikaa na akina mama, karatasi mapajani. Mzee mmoja mwenye boti alisimama akaanza kuongea. Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeona kwamba nimeandika "tunaomba", na nikajiuliza kwa nini tuombe kitu tulicho nacho, nikafuta, nikaandika "tunapendekeza", nikaona hilo nalo ni neno la semina, nikafuta tena. Mama akanisukuma kwa kiwiko.

"Haya, binti wa mjini," mwenyekiti akasema. "Karibu uchangie."

Nilisimama. Sentensi ya kwanza ilikuwa imefutwa mara mbili na haikusomeka. Macho yote yalikuwa kwangu. Mdomo ukatoa maneno ambayo nimeyasikia kwenye kila mkutano tangu nizaliwe: "Mheshimiwa mwenyekiti, naunga mkono msemaji aliyetangulia." Nikakaa.

Upande wa wanaume walipiga makofi. Nyuma yangu mama mmoja akasema, "Huyu ndiye mliyemfuata mjini? Si bora mngemtuma mbuzi, angekula hata hiyo karatasi."

Mama aliniinamia. "Unajua huyo mzee wa boti amesema nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Amesema tuhamie kule kwenye miamba, na nzi wetu."

Nilitamani kusimama tena, nikabaki naikunjua karatasi mapajani. Mama ndiye aliyesimama, bila kunyoosha mkono.

"Mwenyekiti, huyu ni mtoto wangu, na mimi simuungi mkono." Watu wakacheka. Alisubiri waishe. "Mimi naanikaga pale tangu huyu yuko tumboni. Kule kwenye miamba kuna kivuli mpaka saa tano. Dagaa haikaukagi kwenye kivuli. Huyo aliyechora ramani aje aanike siku moja, tumuone."

"Si mtajenga chanja, mama?" mzee wa boti akamuuliza. "Serikali inasema dagaa waanikwe juu ya chanja, sio chini."

"Hata chanja inataka jua, baba."

Hapo walicheka mpaka mwenyekiti. Na mimi, naungama, kichwani nilikuwa namsahihisha: dagaa hawakauki.

Mkutano ulipoisha nilimfuata mtendaji wa kijiji ofisini, nikamwomba afute jina langu kwenye muhtasari. Aligeuza daftari nikaona. Wachangiaji watatu: wawili wameunga mkono, mmoja amepinga.

"Dada, mimi naandika kilichosemwa," alinijibu, bila ukali. "Kama umebadilisha mawazo andika barua, nitaiambatisha. Ila nafunga sasa hivi, muhtasari unaenda wilayani Jumatatu."

Niliandikia kwenye ngazi ya ofisi, mama amesimama pembeni yangu akinitajia, funguo za mtendaji zikilia mkononi mwake. Sikupata nafasi ya kunakili upya. Nilimpa mtendaji barua ikiwa na maneno mawili yaliyofutwa na ile haikaukagi ya mama ilivyo, kwa sababu nilipotaka kuibadilisha mama aliniwekea kidole kwenye karatasi.

Wapimaji walikuja baada ya muda, wakaweka bikoni za mpaka. Uzio umechukua nusu ya mchanga. Wengine mwaloni wanasema bila mama kuongea na bila ile barua wangechukua wote. Wengine wanasema bila mimi wasingechukua hata hatua moja. Nikiwa dukani, mashine ikitoa kopi za watu, nayapima yote mawili na sipati jibu. Nimejaribu kumuuliza mama. Anasema nimpishe, yuko kazini.

Sasa mama anaanika kwa zamu mbili. Dagaa wa kwanza inabidi awaondoe mapema ili wa pili wapate nafasi. Wiki iliyopita nilikuwepo mnunuzi wake kutoka Bunda alipofika. Alifungua gunia, akachukua dagaa mmoja, akamkunja kati ya vidole viwili. Dagaa alipinda, hakuvunjika. Akachukua wa pili, naye akapinda.

"Hawa bado, mama."

"Najua," mama akasema. Alibeba gunia mpaka ufukweni, akasimama nalo mbele ya mchanga uliojaa, akitafuta pa kuwamwaga.