Kinyozi, Pima Maji na Ubao wa Mwaitu

Mwanangu, nakumbuka vizuri siku ambayo kinyozi alinifundisha useremala. Usicheke bado. Nimesikia umejiletea mashine ndogo ya kuchonga, ile inayoendeshwa na kompyuta, na unataka kuanza kazi kesho bila kuunyoa ubao wa chini. Basi keti. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji, na mimi nilinyolewa bila maji.

Nilikuwa na miaka hamsini na nane. Utasema huo si ujana, lakini mbele ya mashine yangu ya kwanza kama hiyo yako nilikuwa mtoto wa kunyonya. Nilikuwa na karakana hapa Emali, miaka thelathini ya kutengeneza milango na vitanda, na kiburi cha miaka hiyo yote. Mashine ilikuja vipande vipande kwenye boksi. Niliifunga mwenyewe, skrubu kwa skrubu, na ilipolia mara ya kwanza nikajipigia makofi.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya mama yangu, mwaitu. Tulikuwa tumemjengea nyumba mpya kule Nuu, na Jumamosi kanisa lilikuwa linakuja kuiombea. Yeye aliomba kitu kimoja tu: kibao cha mlangoni kilichoandikwa MUNGU NI MWEMA. Akanipa ubao wa mukau, wa mti aliopanda marehemu baba. Mti wenyewe uliangushwa na upepo, mchwa wakala wote isipokuwa kipande hicho.

"Ni hii tu imebaki," akaniambia. "Usiniharibie."

Mimi nikacheka. Mimi, fundi mzima!

Sasa sikia kosa langu. Juu ya meza ya mashine unafunga ubao wa hivi hivi, halafu kazi yako unailaza juu yake, ili kisu kikipitiliza kiumize ule wa chini, si meza. Maelekezo yalisema kwanza upitishe kisu kipana juu ya huo ubao wa chini, uuparue wote. Nikasema, ai, ubao mpya kabisa, haujamkosea mtu, niuparue kwa nini? Sisi watu wa ukame, kuharibu kitu kizima kunatuuma. Nikachukua pima maji yangu, iliyopima nusu ya milango ya Emali, nikailaza pale. Kiputo kikakimbilia kulia. Sakafu yangu, unajua, imeinama kidogo upande wa kushoto, na mashine imeinama nayo. Nikakata kadibodi za boksi, nikazisukuma chini ya ubao upande wa kushoto mpaka kiputo kikatulia katikati. Nikaenda kunywa chai nikiwa na amani kubwa.

Ijumaa asubuhi nikafunga mukau wa mwaitu pale juu, nikawasha. Herufi ya kwanza ikazama kama mtaro. Ya pili ikapungua. Kufika NI, kisu kilikuwa kinakwaruza tu kama kuku. Na MWEMA je? Kisu kilizunguka, kikapanda, kikashuka, kwa bidii kabisa, kikichonga hewa. Mimi nimesimama pale mdomo wazi, hata kuzima nimesahau.

Nikapiga yowe. Mzee Nzioka, kinyozi wa mlango wa pili, akaingia mbio na mkasi mkononi. Ananizidi miaka ishirini na hajawahi kuniita jina lingine ila kijana. Akausoma ubao polepole.

"Mungu ni... ni nini? Malizia, kijana."

Machozi yalikuwa karibu, nakuambia ukweli. Nikamweleza habari ya kadibodi na pima maji. Akatikisa kichwa.

"Hii mkono ya mashine ikitembea inafuata nini?"

"Reli zake."

"Na ubao unafuata nini?"

"Pima maji."

"Sasa hao wawili watajuana wapi? Wewe ukija kwangu na hicho kichwa chako kimeinama, mimi napima na sakafu? Nafuata kichwa! Wacha mashine ijinyolee uwanja wake." Akanitazama tena. "Wanasema akili ni nywele. Pengine mimi ndiye nimekuwa nikikukata sana."

Nikatoa kadibodi zote. Nikafunga ule ubao wa chini barabara, vichwa vya skrubu nikavizamisha ndani kabisa visikutane na kisu. Nzioka akachukua penseli, akauchora mistari ubao mzima, huku na huku. "Mahali mstari umebaki, wembe haujapita," akasema. Nikaweka kisu kipana, nikakiteremsha unene wa ukucha tu, nikakiachilia. Vumbi hilo! Tulijifunga vitambaa usoni. Mara ya kwanza mistari ya kushoto ikapotea, ya kulia ikabaki. Nikateremsha ukucha mwingine, na mwingine, mpaka mstari wa mwisho kwenye kona ukafutika. Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa na mtu mwenye nywele upande mmoja tu, shuka la kinyozi shingoni, akiuliza kwa upole kama amesahauliwa.

Ubao wa mwaitu ulikuwa umebakiza uso mmoja tu. Nikaugeuza, nikausalia, nikawasha. MUNGU NI MWEMA, herufi zote kimo kimoja. Nikambusu Nzioka kwenye kipara.

Jumamosi nilitaka kuugongomelea ukutani haraka, aibu iangalie mawe. Mwaitu akaugeuza. Nikakiri yote mbele ya mchungaji. Mwaitu akacheka mpaka akashika mlango, kisha akaagiza utundikwe kwa mnyororo barazani, nyuso zote mbili zionekane. Anayeingia asome yote, na anayetoka amalizie mwenyewe. Mchungaji alisema mwaminifu. Mjomba, aliyeshiba muthokoi, alisema mkarimu. Nami nikafika pale. Nikasema, Mungu ni mvumilivu.

Kwa hivyo, mwanangu, usiuonee huruma ubao wa chini, kazi yake ni kuumia. Usiupime kwa dunia, mashine yako yenyewe iunyoe, kidogo kidogo, mpaka mstari wa mwisho ufutike. Na ujuzi wako wa zamani uuheshimu, lakini usiuruhusu ukuzibe masikio, maana mimi aliyeniokoa alikuja na mkasi.

Mungu akupe kisu kikali, mkono usio na haraka, na jirani asiyeogopa kukuambia umekosea. Na ukifika Nuu, pita kwa mwaitu. Bado yuko, na hataki mtu atoke bila kumalizia.