Kituo cha Michembe Kabla ya Mizani

Banda la Advera lilikuwa kilomita mbili kabla ya mizani ya kuingilia Tabora. Aliuza michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, karanga na asali, na wateja wake wakubwa walikuwa abiria wa basi alilokuwa akiendesha mumewe, Vedasto. Biashara ilikuwa nzuri, naye aliichukia.

Sababu ni hii. Kwenye mizani ya kwanza, huko nyuma, mashine iliandika basi limepita saa ngapi, na hii ya pili ikaandika tena. Dakika zikipungua, dereva amekimbiza, hana cha kujitetea. Vedasto alikuwa amenaswa mara mbili. Ya tatu, leseni ingechukuliwa. Mwenye akili zake angepunguza mwendo. Huyu aliendelea kukimbiza vilevile, kisha akajibanza kwa mkewe nusu saa nzima, akitafuna michembe mpaka dakika zitimie.

"Baba Dionis, utaua watu," Advera alimwambia. "Mababu walipita njia hii kwa miguu, pembe za ndovu mabegani, wakafika. Wewe una haraka gani, na ukifika unakaa?"

"Mashine haijaniona," alijibu, akilamba asali.

Na alimpenda hivyohivyo. Kila alasiri akisikia breki zikilia, roho ilimruka.

Basi, akaacha kubishana. Akampigia simu mama yake, Imakulata, aje kutoka Goweko amsaidie kumenya karanga.

Vedasto aliruka kutoka kwenye basi akipiga mluzi, akamkuta mama mkwe kwenye kigoda, katikati ya banda. Mluzi ukakatika. Kwa mila za kwao, mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe, wala haketi akapiga soga.

"Shikamoo, mama," alisema kwa mbali, ameinama.

"Marahaba, baba. Mmefika salama?"

"Salama, mama."

Akarudi nyuma ya basi, akasimama juani na njaa yake. Kuondoka hawezi, mashine inamngoja. Kukaa hawezi, mama mkwe yupo. Abiria walicheka mpaka wakatoa machozi, na mmoja akamchungulia dirishani: "Dereva, michembe ya leo mitamu!"

Siku ya pili, hivyohivyo. Siku ya tatu pia.

Siku ya nne, saa ya breki ilifika, kimya. Dakika kumi, kimya. Advera aliweka sahani chini. Dakika ishirini. Akatoka barabarani bila viatu.

Ndipo basi likatokea kule kwenye kona, taratibu, kama lililobeba mayai. Vedasto alipiga honi mara mbili, akainamisha kichwa kwa heshima kuelekea kwenye kigoda, akapita moja kwa moja kwenda mizani.

Siku hiyo Advera hakuuza hata punje ya karanga. Alipiga vigelegele peke yake, akicheza katikati ya vumbi.

"Mwanangu," mama yake alisema, "karanga zimekwisha kumenywa. Kesho nirudi Goweko?"

"Urudi wapi, mama?" Advera alimkumbatia. "Kaa hapo hapo mpaka astaafu!"