Karibu Nyekundu ya Bwera

Mimi ni mtu wa hasira, nianze hapo. Mama yangu kule Maliba alizoea kusema nilizaliwa nimekunja ngumi, na sijawahi kumbishia. Lakini kile nilichokitengeneza nilipokuwa nafanya kazi kliniki, hasira peke yake isingekiweza. Kilitaka subira, na subira ninayo, ila watu hawaioni kwa sababu ya kelele zangu.

Kliniki yetu ilikuwa ndogo, ya akina mama wajawazito: chumba kimoja mjini Kasese na vyumba viwili Bwera, karibu na mpaka wa Uganda na Kongo. Mimi nilikaa Kasese nikitunza kompyuta mbili, moja mezani kwangu na nyingine Bwera. Ile ya Bwera niliifikia kwa intaneti, kupitia lile dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, ambalo unaliandikia amri nalo linatii. Kabla hujaandika, linakutolea maneno machache pembeni kukuonyesha kwamba liko tayari. Maneno hayo mimi niliyaita karibu, maana ni kama mwenye nyumba anayekuambia pita, sema shida yako.

Sasa, karibu ya Kasese na karibu ya Bwera zilifanana kabisa. Zote nyeupe, zote na jina lilelile refu lisilo na maana, ambalo fundi aliyetuuzia mashine aliliacha hivyo hivyo. Siku moja nikidhani niko Kasese, nikafuta daftari la majaribio. Kumbe niko Bwera! Nilikuwa nimefuta daftari la kweli la akina mama wote: majina, miezi ya mimba, tarehe za kurudi. Dirisha jeusi haliulizi kama una hakika. Lilifuta, likanyamaza, likanipa karibu nyingine.

Aliyetuokoa ni mwandishi wetu wa Bwera, mama mmoja Mkongo aliyetoka Butembo na watoto wake na rozari yake. Hakuiamini kompyuta hata kidogo, kwa hiyo kila alichokiandika humo alikiandika pia kwa kalamu kwenye daftari la shule. Nilipanda gari nikaenda Bwera, tukakaa karibu wiki tatu, yeye anasoma, mimi napiga chapa. Hakunicheka hata siku moja. Alisema tu, "Pole, binti yangu. Hii kitu haina macho. Haikuona kama uko unakosea."

Bosi wetu hakuwa mpole hivyo. Aliwahi kuwa jeshini, upande wa stoo, na Kiswahili chake kilibaki cha kambini, kwa hiyo sote tulimwita afande. Nilipotoka Bwera aliniita.

"Wewe! Kuja hapa. Kosa ingine moja, unaacha funguo hapa juu ya meza, unarudi Maliba kuchuma kahawa. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

Kahawa siionei haya, kahawa ndiyo iliyonisomesha. Lakini kurudi nyumbani na kurudishwa nyumbani ni vitu viwili. Kule kwetu nilikuwa msichana wa kwanza kutoka mlimani kwenda kufanya kazi ya kompyuta, na wapo majirani waliokuwa wakisubiri kwa hamu nishindwe. Nililala na maneno yale ya afande, nikaamka nayo, na nikala bundu, ugali wetu wa muhogo, nikiwa bado nayo kichwani.

Basi nikaanza. Nilisoma kwamba karibu hiyo mtu anaweza kuibadili anavyotaka, kwa kuandika mistari kadhaa kwenye faili moja lililofichwa. Kasese niliipa kijani, kile cha mpunga wa Mubuku ukiwa bado mchanga. Bwera niliipa nyekundu, kwa sababu ndiko nilikoumia. Unasema rahisi? Wee! Rangi zile zinaandikwa kwa tarakimu na mabano, na ukisahau bano moja tu, mstari unajipanda wenyewe, herufi juu ya herufi, husomi kitu. Jumamosi nzima nilipigana nalo. Nililitukana lile dirisha kwa Lhukonzo, lugha ya kwetu mlimani, kwa sababu Kiswahili nilichojifunzia shuleni na sokoni hakina matusi ya kutosha. Ilipokaa sawa, neno BWERA likatokea jekundu mbele yangu, nikasimama nikapiga makofi peke yangu.

Sikuishia hapo. Programu ya kuandikia daftari ilikuwa na mstari mwembamba chini ya kioo, haukusema chochote cha maana. Nikauandika upya useme uko mashine gani, na useme HAIJAHIFADHIWA kwa njano mpaka utakapohifadhi kazi yako. Hiyo niliifanya kwa ajili ya yule mama, maana mgonjwa akifika mlangoni alikuwa anainuka palepale, umeme unakatika, kazi inapotea. Aliupenda mno mstari ule.

"Sasa iko na macho," aliniambia kwenye simu, na tangu hapo akaacha kuandika kwa kalamu. Nilifurahi, na papo hapo nikaogopa, kwa sababu sasa hakukuwa tena na daftari la shule la kutuokoa.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, nalo mtu wa Kampala asingeliwaza. Ndani ya kompyuta ya Bwera kuna betri ndogo ya kushika saa, na hiyo ilikuwa imekufa. Tulinunua nyingine, ikafa ndani ya mwezi. Kwa hiyo kila asubuhi yule mama akiwasha mashine, aliipa saa kwa kutazama simu yake. Na Bwera, ndugu yangu, simu ina nchi mbili. Ukisimama mlangoni inashika mtandao wa Uganda, ukisogea dirishani inashika wa Kongo, na Kongo kule saa iko nyuma kwa saa moja. Wakati ule wa wiki tatu nilisikia sokoni watu hawatajiani saa tupu. Mtu akikuambia tukutane saa nne, lazima umwulize, "Ya Kongo ao ya Uganda?" Wao wamezoea, hawakosani. Kompyuta haijui kuuliza.

Nikaifundisha. Kila nikiingia Bwera kutoka Kasese, ile karibu ililinganisha saa za mashine mbili, na zikitofautiana, iliandika kando ya jina, kwa njano, SAA YA KONGO. Mistari michache tu, lakini haki ya Mungu, hakuna nilichowahi kukiandika nikakipenda hivyo.

Afande alipita nyuma yangu akaona. "Hii nini? Disko?"

"Ni alama za kunionya, afande."

"Ondoa! Wageni wanakuja wiki kesho kuona mashine, wewe unaipaka rangi kama kucha. Weka kama zamani."

Nikajibu ndiyo, afande. Nilikubali kwa mdomo tu.

Wageni walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume, kutoka Kampala. Walitaka kuona kama utaratibu wetu unafaa kupelekwa Katwe, kwenye kliniki mpya ya wanawake wanaofanya kazi ziwani kwenye chumvi. Afande alivaa koti katika joto lile la Kasese, akasimama nyuma ya kiti changu, wageni pembeni yake.

Tangu siku ile nilipofuta daftari, kila asubuhi saa nne niliunganisha la Kasese na la Bwera, ili kila mashine iwe na nakala ya yote. Programu ya kuunganisha ilikuwa na kanuni moja: madaftari mawili yakitofautiana, lililoandikwa mwisho ndilo linabaki, la zamani linatupwa. Siku ile mimi nilikuwa nimelisahihisha la Kasese saa tatu na nusu, ili wageni walione safi.

"Unganisha!" afande akaamuru.

Nikaingia Bwera. Ikaja nyekundu, na kando yake njano. SAA YA KONGO.

Nikaondoa mkono kwenye kibodi. Mama wa Bwera alikuwa akiandika mpaka dakika ile, lakini mashine yake iliamini ni saa tatu. Nikibonyeza, programu ingeona daftari langu la saa tatu na nusu ndilo jipya, na asubuhi nzima ya Bwera ingetupwa.

"Bonyeza."

"Hapana, afande."

"Nimesema bonyeza!"

Nilijua ninachohatarisha. Nilikuwa nimekaidi amri ya kuondoa rangi, na sasa nakaidi nyingine mbele ya watu wa Kampala. Kama nimekosea, jioni niko kwenye gari la Maliba. Nikachukua simu, nikapiga Bwera, nikafungua sauti wote wasikie.

"Allô?"

"Mama, hapo saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika tano."

Saa ya ukutani kwetu ilionyesha saa nne na dakika tano. Mgeni mwanamke aliitazama, akanitazama.

"Ya wapi hiyo, mama?"

"Ah, Mungu wangu! Iko ya kwetu! Nilikuwa dirishani."

"Umeandika wangapi leo?"

"Wengi sana, binti yangu. Leo iko siku ya soko, bamama beko mupaka inje."

Nikamwambia asiguse kitu. Nikairekebisha saa yake nikiwa Kasese, nikamwomba ahifadhi tena, akaniambia ule mstari wa chini umeacha njano. Ndipo nikabonyeza. Madaftari yakaungana, nikawapitisha wageni jina kwa jina, na akina mama wa asubuhi ile wote walikuwemo, hakupotea hata mmoja.

Mgeni mwanamke akainama akaigusa karibu kwa kidole. "Hii alama ya saa, nani aliitengeneza?"

"Sisi," afande akajibu, koti limemkaa vizuri sasa. "Hapa kwetu tunatengeneza vitu."

Wanasema chema chajiuza. Uongo! Chema kikinyamaza, mwingine anakiuza. Nilifundishwa tangu utoto kwamba mtoto wa kike hajisifu mbele ya wakubwa, na hasira ikalifagia fundisho lote.

"Sisi nani?" nikasema. "Ni mimi, madam. Mimi peke yangu. Na niliambiwa niitoe."

Afande alinitazama muda mrefu, nami sikushusha macho. Kisha akawageukia wageni.

"Kweli," akasema. "Mimi niliamuru itoke. Huyu akakataa."

Akavua koti, akalitundika nyuma ya kiti changu, akavuta stuli na kukaa karibu nami kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi pamoja. Akakiangalia kioo kama mtu anayekisoma.

"Na Katwe," akaniuliza polepole, "utaiweka rangi gani?"

Nikamwambia bado sijaamua, na kwamba nitaamua mwenyewe.