Jumapili ya Mavuno Redempta Alipotoka Kanisani

Redempta hakuwa mtu wa majuto, na alipenda watu walijue hilo. Ujanani aliingia utawani, akatoka upesi kwa sababu kimya kilimshinda, hakujuta. Akaanza biashara ya maandazi stendi ya Laela, akaishia kuyala yeye na makondakta, hakujuta. Akaolewa na Zenon, mwanamume mpole asiyeweza kuimba hata "Amina". Hapo alisita kidogo, lakini hakujuta. "Majuto ni mjukuu," aliwaambia wenzake wa jumuiya wakikutana kusali, "na mimi wajukuu ninao wa kunitosha." Mkristo, alisema, anatubu leo, anasamehe leo, halafu analala.

Aliyekuja kumharibia usingizi ni jirani yake, Sayi.

Sayi ni Msukuma. Yeye na mumewe walihamia kijijini na ng'ombe wao, na tangu siku za mwanzo wanawake hao wawili walikuwa chanda na pete. Masika yaliyopita Redempta alikwenda Mwimbi kwenye msiba wa shangazi yake. Nyuma aliacha shamba lenye ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia majani ndani yake yaoze yawe mbolea. Sayi akatazama ng'ambo, akaona vichuguu vya udongo na majani, akasema moyoni: masikini, mwenzangu amefiwa, na kilimo kimemshinda. Akawafunga ng'ombe plau, akalilima shamba lote likawa tambarare. Kwao Usukumani hiyo ni zawadi kubwa.

Redempta aliporudi alipiga ukunga watu wakatoka majumbani. Akamfuata Sayi bombani, na mbele ya wanawake wote akamwambia, "Hata ng'ombe wako wana akili kuliko wewe!" Sayi aliomba radhi palepale, akilia. Redempta akampa kisogo. Tangu hapo, ile salamu ya kuinama na kupiga makofi, ambayo Mfipa humpa hata mpita njia, Sayi hakuipata tena.

"Atakuja mwenyewe," Redempta alijisemea. Aje mara ngapi, naye alikwisha kuomba radhi? Swali hilo alilikwepa. Walipopishana njiani maneno yalimjaa kinywani, akayameza, kisha akaenda jumuiya kuwafundisha wengine habari ya msamaha.

Asubuhi ya Jumapili ya mavuno, wakinywa uji, Zenon akasema, "Akina Sayi wanahama leo. Wanakwenda Katavi, malisho hapa yamebana. Fuso limeshafika."

"Nitampitia baada ya misa."

"Fuso halisali misa, Mama Flavian."

Redempta akajifanya hakusikia. Siku hiyo yeye ndiye aliyepangiwa kuongoza mstari wa matoleo, na tangu juzi alikuwa akijaribu hatua zake za kucheza jikoni.

Kweli alicheza. Kwaya ilipamba moto, vigelegele vikapaa, naye akaenda mbele kwa madaha, ungo wa ulezi mikononi. Alipokaribia altare, honi ya fuso ikalia huko nje. Miguu ikakataa. Akakumbuka aliyosema Bwana juu ya mtu anayeleta sadaka yake ilhali ndugu yake ana neno naye: aiache, aende kwanza akapatane naye. Alikuwa ameyasikia tangu mafundisho ya Komunyo, na siku zote alidhani yanamhusu mtu mwingine.

"Shika," akamwambia Cornelia aliyekuwa nyuma yake, akimpa ungo.

"Unakwenda wapi? Padre anatuangalia!"

"Na aangalie."

Akaukata mstari wa wachezaji, akatoka. Watu walidhani tumbo limemchafuka.

Alifika akihema. Sayi alikuwa juu ya fuso, katikati ya vitanda na masufuria, injini inanguruma. Redempta akapiga magoti vumbini, akapiga makofi taratibu, kama inavyotakiwa.

"Mama Kija, nisamehe. Ulinipa zawadi, nikakutukana mbele za watu. Ukaniomba radhi, nikakupa kisogo. Kosa ni langu."

Sayi akashuka. "Jana jioni nilifika mpaka mlangoni kwako," akasema. "Nikakusikia ndani unacheka na mzee. Nikasema, mwenzangu ana amani yake, ngoja niende zangu."

Maneno yale yalimchoma Redempta kuliko tusi lolote. "Sikuwa na amani," akasema. "Nilikuwa na mdomo tu."

Sayi akaangua kicheko, kicheko kikageuka kilio, wakakumbatiana mpaka dereva akawaonea haya. "Nilishakusamehe zamani," Sayi akamnong'oneza. "Ila nilikuwa nakungoja."

Fuso likaondoka. Zenon, aliyetoka kanisani kumfuata mkewe, akamkuta amesimama barabarani, kitenge cha sare kimejaa vumbi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Amenisamehe."

"Basi, huna la kujutia."

"Ninalo," Redempta akasema, akijifuta macho kwa kiganja. "Ningemwambia siku ileile, tungekuwa pamoja masika yote."