Nyuzi za Mkono wa Kushoto

Mkonge mbichi una harufu ambayo mtu haizoei. Ni kali, ina uchungu kidogo, kama majani yaliyosahauliwa kwenye ndoo ya maji kwa siku mbili, na ikishaingia kwenye leso haitoki hata uifue kwa sabuni gani. Mwezi uliopita, Jumamosi moja, niliinusa tena kwenye veranda ya nyumba ninayopanga hapa Wote. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia, kisu mkononi, majani kumi na mawili ya mkonge mbele yangu, na mgongo ukinikumbusha kwamba mimi si wa leo wala wa jana. Kazi yangu ni kuingiza majina ya watu kwenye kompyuta, na nimeifanya kwa muda mrefu kiasi kwamba nikifumba macho naona orodha. Nikirudi nyumbani jioni sina hamu hata ya kuulizwa habari. Aliyenichokoza ni binti yangu Mutheu, ambaye ana miaka kumi na mitatu na hushinda kwenye simu akitazama watu wanaojishonea mito na kujitengenezea rafu za vitabu kwa mbao kuukuu. Aliniona nimerudi kutoka sokoni na kikapu kipya cha plastiki, akacheka. "Mama, kwani wewe ni Mkamba wa wapi? Unanunua kiondo ya plastiki na umetoka kwa watu wa kiondo?" Niliudhika kwanza, maana mtu aliyechoka hapendi kuambiwa ukweli. Halafu nikaenda kwa jirani mwenye ua wa mkonge, nikaomba majani.

Sikumwambia kwamba ninajua kusuka, na sikumwambia kwa nini niliacha. Nilijifunza nikiwa na miaka tisa, mwaka ambao mvua za Novemba zilitunyima uso. Mama alikuwa amejifungua mapacha kule kwetu Mbooni na hakuwa na nguvu hata za kusimama, kwa hiyo baba akaamua nipelekwe Nuu kwa mama yake, nikae huko mpaka nyumba itulie. Mimi ndiye niliyebeba jina la huyo susu, nyanya yangu, maana kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba. Sote wawili tulikuwa Syombua, na baba, kwa heshima ya jina hilo, aliniita "mwaitu", yaani mama yangu, hata alipokuwa akinigombeza. Na alinigombeza sana kwa jambo moja tu: nilikuwa natumia mkono wa kushoto. Nilikula nao, nilichota maji nao, siku moja nilimsalimia mchungaji wetu nao mbele ya kanisa zima. Shuleni nilipigwa rula kwenye vifundo vya vidole, nyumbani nilifungwa kitambaa. Asubuhi ya kuondoka, baba aliinama akanishika bega. "Mwaitu, huo mkono mwingine uuache hapa hapa Mbooni. Kwa susu usinitie aibu." Nikaahidi. Nilimpenda baba, na nilitaka sana anirudie.

Nuu haikuwa Mbooni. Kwetu kulikuwa na baridi ya asubuhi, maparachichi, na njia za mlimani zinazokuchosha magoti. Nuu ardhi ilikuwa tambarare na nyekundu, mbuzi wakila vitu ambavyo sikujua vinaliwa, na upepo uliokuja na vumbi saa sita mchana bila kukosa. Susu alikuwa mrefu, mkavu, mwanamke wa kanisa asiyejua kusema uongo hata wa adabu. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa na ukungu, lakini hilo halikumsumbua katika kusuka, kwa sababu alisuka kwa vidole. Alisuka akienda mtoni, alisuka akisubiri githeri iive, alisuka akimsikiliza mtu akimweleza shida zake, na yule mtu hakuona kwamba amepuuzwa. Msimu ule kiondo alichokuwa akisuka hakikuwa cha kawaida. Mwende, shangazi yangu, kitinda mimba wake, alikuwa anaolewa Migwani, na kwao susu ilikuwa desturi kwamba mama wa binti amsukie mama mkwe kiondo kwa mikono yake mwenyewe. Siku ya kukipeleka, wanawake wa upande ule wangekigeuza ndani nje na kuvuta nyuzi kwa kucha, wajue binti wanayempokea ametoka kwenye mikono ya namna gani. Susu alisema kiondo kinachostahili kuitwa kiondo ukikitia wimbi hakidondoshi punje.

Mimi nilipewa kazi ya kusokota. Mwende alikata majani na kuyakwangua kwa panga juu ya gogo mpaka ule ute wa kijani ukatoka na kubaki nywele nyeupe. Ute huo ukikugusa unawasha mpaka ulie. Nywele tulizifua, tukazianika juu ya ua, na zikikauka nilikaa chini, nikapaka jivu pajani, nikachukua mafungu mawili membamba na kuyaviringisha kwa kiganja juu ya paja mpaka yakashikana na kuwa uzi mmoja. Paja la susu lilikuwa limeng'aa kama meza kwa kazi hiyo ya miaka. Nilijitahidi kwa mkono wa kulia, nikiwa nimeuma ulimi, lakini uzi wangu ulitoka na mafundo, mnene hapa, mwembamba pale, kama mkia wa panya aliyenyeshewa. Susu aliupapasa akacheka kwa upole. "Syombua, huu ni uzi ama ni barabara ya Nuu?" Hakunikaripia, lakini aliutupa kando, na mimi niliona haya. Baada ya siku kadhaa nilijificha nyuma ya ghala, nikajaribu kwa mkono wa kushoto, juu ya paja la kushoto. Uzi ukatoka. Ulitoka mwembamba, laini, wa kufanana toka mwanzo hadi mwisho, na mimi nikacheka peke yangu pale nyuma ya ghala kwa furaha tupu. Tangu siku ile nilisokotea huko huko, nikaleta madonge na kuyatia kwenye karai moja na yale ya susu na Mwende. Susu aliyapapasa akasema, "Sasa umejua." Maskini, nilitembea siku nzima nikiwa nimeinua kidevu.

Kitu ambacho sikujua ni kwamba uzi una mlalo. Ukiusokota kwa mkono wa kulia, msokoto unalalia upande mmoja. Ukiusokota kwa kushoto, unalalia upande wa pili. Msukaji huzungusha nyuzi kwenye kiondo akielekea upande uleule kila mara, na uzi unaokubaliana na mkono wake huzidi kukaza kila anapouzungusha. Uzi wa mlalo mwingine kila akiuzungusha unajifungua. Kwa macho hauoni tofauti mpaka uusogeze karibu na pua, na susu macho yake hayakufika huko tena. Watu wa Nuu wote walisokota kwa kulia, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kufikiria jambo kama hilo. Kiondo kilikuwa kimefika mabegani, zikibaki siku nane kipelekwe, ndipo mistari ya juu ilipoanza kulegea. Susu alifumua mistari mitatu, akairudia. Ikalegea tena. Akafumua mitano. Nilimwona ameacha kuimba nyimbo za kanisa alizozoea kusukia.

Mwende aliporudi kutoka shambani susu alimwita. "Mwende, hebu ona. Ni uzi, ama ni mimi?" Mwende aliokota donge, akalivuta kwa nguvu, na donge lenyewe lilikuwa langu. "Uzi ni mzuri, mwaitu. Huu hata ni mzuri kushinda ule wa kwanza." Susu alilipokea, akalirudisha kwenye karai. "Basi ni mikono," akasema, kwa sauti ileile ambayo angetumia kutuambia kwamba maharagwe yameisha. Alikiweka kiondo chini. Mwende akamwambia atakuwa amechoka tu, apumzike, ajaribu kesho. Akajaribu kesho, na kesho kutwa.

Mimi nilichukua nyuzi mbili kwenye karai, wa susu na wangu, nikaenda nazo juani, nikaziweka kando kwa kando karibu na macho. Niliona. Mtoto wa miaka tisa si mjinga. Nilijua kwamba nikisema neno moja susu atatenga nyuzi zangu na kumaliza kazi yake, na nilijua vilevile kwamba neno hilo lingemfikia baba siku ya kukipeleka kiondo, kwa sababu baba angekuwepo. Niliwaza atanitazama vipi. Niliwaza labda hatanirudisha Mbooni. Basi nikazirudisha nyuzi kwenye karai, nikaenda kuwafungulia mbuzi. Watu husema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi niliushikilia msemo huo kwa muda mrefu, lakini sijapata kusikia methali ya kumtetea mtu ambaye ulimi wake ulikataa kutoka kinywani siku ulipohitajika.

Kiondo kilichopelekwa kilinunuliwa na Mwende sokoni Migwani, kizuri sana, chenye mistari ya kahawia iliyotiwa rangi ya magome ya mgunga. Nilikuwa nikizungusha sahani za pilau wakati mama wa bwana harusi alipokigeuza ndani nje na kutabasamu. "Umekisuka wewe, mama?" Mtu mwingine angejibu ndiyo, mambo yakaisha. Susu akasema, "Hapana. Hicho ni cha sokoni. Mikono yangu imeisha." Wanawake wakaacha kula. Kisha mama yule, aliyekuwa mtu wa utu, akasema uzee ni wetu sote, wakaendelea kula. Hakuna aliyedharau, hakuna aliyecheka. Baba alikuwa amekaa upande wa wanaume, akaniona nimebeba sahani kwa mkono wa kulia, akanipungia kwa furaha. Wiki hiyo susu alimgawia jirani mkonge wote uliobaki, mpaka ule uliokuwa umetiwa rangi. Januari nikarudishwa Mbooni.

Susu aliishi miaka tisa baada ya hapo bila kusuka kitu. Nilikwenda Nuu kila Agosti, na kila safari nilijiambia kwamba mara hii nitasema. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba, amepakata mikono, akisokota pindo la leso kwa kidole gumba na cha shahada, bila kujua kwamba anafanya hivyo. Wageni walipomuuliza kuhusu viondo alisema, "Hayo yalikuwa zamani." Nikimwona hivyo nilichukua ndoo nikaenda mtoni bila kusema. Alifariki nikiwa kidato cha nne. Kuanzia hapo mkonge nikauona kama mmea wa ua tu, na sikushika uzi.

Ndiyo maana Jumamosi ile kwenye veranda nilisita na fungu langu la nywele zilizokauka mkononi. Halafu nikapandisha leso upande wa kushoto, nikapaka jivu, nikasokota, na uzi ukatoka vilevile kama nyuma ya ghala. Sijui niseme nini kuhusu furaha hiyo. Kwa miaka mingi kazi ya mikono yangu imekuwa kubonyeza vitufe, na jioni hakuna kitu ninachoweza kukishika nikasema hiki nimekifanya mimi. Nilisahau chakula jikoni kikaungua. Jumamosi zilizofuata nilianza kitako cha kiondo kama nilivyokuwa nikimwona susu akifanya, nikasuka nikielekea upande unaokubaliana na uzi wangu, na sasa kiondo kimefika tumboni, kimekaza, ukikivuta kwa kucha hakitikisiki. Mikono inauma na mimi nimefurahi. Lakini kila mstari unaokaza unaniambia jambo lilelile, kwamba uzi wangu haukuwa na ubaya wowote. Ulihitaji karai lake tu. Siku hizi mtoto wa kushoto hafungwi kitambaa, walimu wanamwacha aandike, na mambo tuliyoyaogopa sisi mpaka tukavunja watu wengine hayana hata jina. Majuto ni mjukuu, husema wahenga. Mimi ni mjukuu, na nilichelewa.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, nilimpigia Mwende simu huko Migwani. Nilimweleza yote bila kuzunguka. Nilisikia kuku wake nyuma.

"Kwani ilikuwa wewe?" akasema.

"Ilikuwa mimi, shangazi."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Alivuta pumzi. Hakukasirika, afadhali angekasirika. "Unajua tulisema ni uzee," akasema. "Sisi wote tulisema tu hivyo. Na mwaitu hiyo wakati alikuwa na miaka kama yangu saa hii. Na mimi juzi nimemaliza kuchimba mitaro shamba yote, peke yangu." Kisha akaniuliza hali ya watoto, akaniaga.

Mutheu alikuwa amekaa mlangoni muda huo wote, amesikia upande wangu. Akataka kujua mengine, nikamwambia yote, pamoja na sahani za pilau na pindo la leso. Alisikiliza mpaka mwisho, simu yake imefunikwa pajani.

"Lakini mama, si ungesema tu?"

"Nilikuwa na miaka tisa," nikamwambia. Aliendelea kunitazama, akisubiri. "Halafu nikawa na kumi. Halafu nikawa na kumi na nane."