Mwendo wa Nyanya Katika Shaba

Juzi, ndugu yangu, nilikuwa juu ya boda katikati ya Arua nikamwona nyanya yangu kwenye bustani ya hoteli. Mwembamba, mtungi kichwani, mguu mmoja mbele, uso laini usio na macho. Nikamwambia dereva asimame.

Sanamu ile ilitoka Koboko, uani kwa jirani yetu. Yeye aliyeyusha shaba ya kila aina: mabomba makuukuu, kufuli mbovu, maganda ya risasi. Kwanza aliunda umbo kwa nta ya nyuki, akalifunika kwa udongo, akalichoma hadi nta ikatoka, ndipo akamimina shaba mahali pake. Siku za nta mtaa mzima ulinukia asali, na sisi watoto tulishikwa na njaa. Wacheza ngoma wake na korongo wake wa shaba walikwenda kwenye viwanja vya makanisa na sebule za wafanyabiashara.

Msimu mmoja alimwomba nyanya apite mbele yake na mtungi, amtazame. Nyanya akakataa, alisema sisi ni Waislamu, sanamu ya mtu si jambo letu. Jirani hakumsumbua tena. Zikapita wiki, kisha nyanya mwenyewe akaingia uani kwake, nami nyuma yake.

"Sura usiweke," alimwambia. "Mwendo tu, chukua."

Halafu akafungua fundo la leso, akatoa bizimu ya mkanda wa jeshi na vifungo vya shaba. Vilikuwa vya babu, aliyeondoka na jeshi kabla sijazaliwa, asirudi wala asiletwe.

"Hii weka ndani. Huyu mutu hana kaburi."

Jirani alipokea kwa mikono miwili.

Siku ya kumimina, nyanya alisimama karibu na moto, leso puani, hadi shaba ikapoa. Na lori la Arua lilipokuja kuichukua sanamu, alipika mihogo, kunde na simsim, akawalisha wapakiaji kama watu waliotoka kuzika. Tangu hapo hakuuliza tena habari za babu kwenye kambi ya jeshi.

Sasa nyanya hayupo. Jirani alihama, na uani kwake wanauza vipuri vya pikipiki. Maji huletwa kwa madumu hadi mlangoni. Shingo za wanawake zimepumzika, nami nashukuru. Jana binti yangu aliniomba nimwonyeshe nyanya alivyotembea. Nikajitwisha beseni la maji jikoni. Likanimwagikia kabla sijaufikia mlango. Tukacheka sana. Kisha nikakaa chini, na mtoto akaanza kunipangusa shingo.