Diwani wa Hiti Kavu

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Bekha Ratna Tamrakar alishuka ngazi za hiti ya Swanhiti, chemchemi ya kale iliyojengwa kwa mawe chini shimoni, akakinga kiganja chini ya mdomo wa jiwe wa katikati, akasubiri kidogo, kisha akakigusisha kiganja hicho kwenye paji la uso. Alifundishwa hivyo na mama yake kabla hajaota meno ya pili, enzi ambazo midomo yote mitatu ilimwaga maji mchana na usiku, na mtoto asiyekuwa mwangalifu aliweza kupokonywa ndala zake na mkondo. Maji yalipokonda yakawa kama uzi, aliendelea kukinga. Yalipokatika kabisa, aliendelea kukinga. Kiganja kilikwenda kikavu kikarudi kikavu, naye alikipeleka kwenye paji vilevile, halafu akapanda ngazi kwenda kupanga foleni ya boza la maji kama watu wengine.

Mji wa Patan haukosi wenye maneno.

"Diwani, leo wamekupa?" mtu aliita kutoka dirishani.

"Wamesema nirudi kesho."

"Eti eh! Si ndivyo unavyotuambia sisi kule ofisini kwako?"

Watu walicheka, naye akacheka nao. Binti yake Nanihera hakucheka. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ameolewa mitaa miwili tu kutoka pale, na asubuhi alipita na madumu yake kuelekea kwenye boza. Alimwona baba yake chini mle shimoni, mzee wa kofia nyeusi ameunyooshea mkono ukuta, na moyo ulimuuma asijue amhurumie au amkasirikie. Maana yeye alijua, na mtaa mzima ulijua, kwamba maji yale aliyafunga mzee mwenyewe.

Aliyafunga kwa nia njema. Nyuma ya hiti palikuwa na bwawa la kale, na wakati Bekha anachaguliwa diwani mara ya kwanza, akiwa mfua shaba kijana mwenye sauti ya kusikika hadi mtaa wa pili, bwawa lile lilikuwa jalala. Watu walitupa humo maganda, matambara, mbwa waliokufa. Mbu walitoka kama moshi. Mwaka huohuo mkewe Chirimaya akapatwa na ugonjwa wa manjano. Macho yakageuka rangi, kisha ngozi, na kabla mvua hazijaisha walimpeleka ukingoni mwa Bagmati, wakamchoma, majivu yakaenda na mto. Nanihera alikuwa bado anasukwa nywele na mama yake.

Hakuna daktari aliyesema ni bwawa. Lakini Bekha alikuwa anahitaji kitu cha kulaumu, na bwawa lilikuwa pale, linanuka.

Akaamua lifukiwe, na juu yake ujengwe ukumbi wa mtaa, mahali safi pa watu kufanyia karamu zao bila kukaa njiani kwenye matope. Wote waliafiki. Hofu ilikuwa moja tu: bwawa lina wenyewe. Nyoka wa maji wanakaa humo, na asiyewaheshimu anakaribisha maradhi nyumbani kwake. Lakini Bekha alijua njia. Kuna siku moja katika mwaka, Sithi Nakha, kabla mvua hazijaanza, ambapo nyoka hao huondoka kwenda kwenye ibada yao, na ndiyo siku watu wote huingia visimani na kwenye hiti kusafisha bila kuogopa kumkanyaga mmoja wao. Kwa hiyo alipanga malori ya kifusi yaje siku hiyo hiyo, ili asimguse hata mmoja. Hapakuwa na adabu zaidi ya hiyo, na watu walimsifu kwa busara yake.

Jirani yake Bibi Asamaru, ambaye hata wakati huo alikuwa mzee, alitoka na sahani ya mikate ya dengu ya sikukuu, akasimama kutazama kifusi kikimwagwa.

"Bekha."

"Naam, Bibi."

"Hawa wenyewe wameenda matembezini."

"Ndiyo, Bibi. Ndiyo maana nimechagua leo."

"Na jioni wakirudi?"

Bekha alicheka kwanza, kwa kuwa alidhani ni mzaha.

"Mtu ametoka kwenda kusali," Bibi Asamaru alisema, "wewe unamjengea ukuta mlangoni. Haya. Chukua mkate, haujapoa."

Ukumbi ulikuwa mzuri. Juu ya mlango Bekha aliweka jiwe jeusi lililochongwa jina la mkewe. Nanihera alipoolewa, wageni walikaa humo kwa safu kwenye mikeka ya majani, wakala nyama ya nyati na mchele wa kupondwa, wakamiminiwa pombe kutoka kwenye birika lenye shingo ndefu, na yeye alipotoka akiwa analia kama bibi harusi anavyopaswa, aliinua macho akaliona jina la mama yake juu ya kichwa chake. Ilikuwa kana kwamba mama ametokea dirishani kumsindikiza.

Hiti ilianza kudhoofika taratibu, mdomo mmoja, kisha wa pili. Watu walilaumu majirani waliochimba visima virefu, wakalaumu saruji, wakalaumu mji kwa ujumla. Ikaja ile miaka ambayo nchi haikuwa na uchaguzi wa madiwani, Bekha akarudi kwenye nyundo yake. Likaja tetemeko, jiwe la chini ya mdomo wa katikati, lile ambalo wanawake walitua mitungi yao, likapasuka. Tetemeko halikuugusa ukumbi. Hapo ndipo mainjinia waliokuwa wanapima nyufa walipomwambia, katika mazungumzo tu, wakinywa chai yake, kwamba wazee wa kale waliunganisha bwawa na hiti chini kwa chini. Bwawa lilikuwa linakunywa mvua na hiti inaitoa polepole mwaka mzima.

Bekha aliwaaga vizuri, akafunga karakana, akaenda kukaa kwenye ngazi za hiti mpaka binti yake alipokuja kumchukua.

Uchaguzi uliporudi akagombea tena, mzee sasa, kifua kinapiga filimbi akipanda ngazi. Ahadi yake ilikuwa moja: nitafukua bwawa. Watu walimpa kura kwa sababu walimpenda, na kwa sababu hawakuamini. Alitengeneza taa za njiani, akaziba mtaro uliokuwa unatapika, akapatanisha ndugu waliogombania ua. La bwawa hakulifikisha kikaoni. Alisema kuna mtu mmoja hajakubali bado.

"Kwa nini uniulize mimi, Baba?" Nanihera alimwambia siku alipomtamkia. "Uwaulize wenye karamu zao."

"Hao nitawauliza. Lakini jina lililo pale juu ni la mama yako."

"Mama hana kaburi. Picha hakupiga hata moja. Nina nini kingine?"

"Huna."

"Basi usiniombe."

"Sawa, mwanangu."

Na kweli hakumwomba tena. Hilo ndilo lililomchosha Nanihera. Angegombeza, angekuwa na la kumjibu. Alimkuta tu kila asubuhi mle shimoni, na jioni alipompelekea mboga alimkuta amekaa katikati ya mitungi ya shaba ambayo hakuna aliyeinunua tena, anapiga mwingine.

Siku moja boza halikuja. Wanawake waliweka madumu kwenye ngazi za hiti wakakaa kungoja, jua likipanda. Tirtha Man, aliyekuwa anakodisha masufuria na mikeka ya karamu pale ukumbini, alipita akawasalimu.

"Dada zangu, mnaota jua?"

"Tunakungoja wewe, shemeji, utuoshee vyombo vya karamu ya jana," mmoja alimjibu. "Maji umetumaliza wewe."

"Mimi? Muulizeni Diwani alikoyaficha!"

Bibi Asamaru, ambaye uzee ulikuwa umemkunja hadi akatembea kama anatafuta sindano, alimvuta Nanihera kwenye upindo wa sari.

"Njoo nikuonyeshe kitu. Wewe na kusoma kwako kote hujawahi kukiona."

Alimshusha hadi chini, mbele ya jiwe lililopasuka. Katikati ya jiwe palikuwa na kibonde, laini kama ndani ya bakuli.

"Weka mkono. Mitungi hiyo. Ya bibi zangu, yangu, ya mama yako. Chirimaya alikuwa anautua wake kwa nguvu, ngwii! Nilimwambia kila siku, utaupasua mtungi wa mumeo. Anacheka tu." Bibi kizee alivuta pumzi. "Ule ukumbi hajawahi kuingia. Na lile jina, mwanangu, mama yako hakujua kusoma. Ungemwonyesha angekuuliza ni la nani."

Nanihera alikaa na mkono wake mle kibondeni. Akakumbuka kitu ambacho hakukikumbuka tangu utotoni: upande wa sari ya mama yake uliokuwa umelowa daima, kiunoni, mahali mtungi ulipokaa, na ubaridi wake alipomkumbatia.

Jioni alikwenda karakana. Baba yake alikuwa anapiga shaba.

"Vunja," alisema.

Nyundo ilipiga mara kadhaa zaidi, kisha ikatulia. Bekha hakugeuka.

"Umekula?" aliuliza.

Kikao cha mtaa kilikuwa kirefu na cha kelele. Tirtha Man alisimama mara tatu.

"Karamu tutafanyia wapi, Kaka Bekha? Kwenye bwawa? Wageni wavae maboya?"

"Njiani, mlangoni kwetu, kama baba zetu."

"Na ulipotufukia lile bwawa ulisema njiani ni aibu!"

"Nilisema. Nilikuwa mjinga, ninyi mkanipigia makofi."

Wengine walicheka, wengine walinung'unika. Tirtha Man akasema jambo ambalo baadaye alilijutia, kwamba mtu anayemvunjia nyumba mkewe aliyekufa anaweza kumvunjia yeyote. Nanihera akasimama, akasema nyumba hiyo ni ya mama yake na yeye ametoa ruhusa, akakaa. Mikono ya kukubali ilikuwa mingi kidogo kuliko ya kukataa.

Safari hii Bekha hakuichagua siku ya Sithi Nakha. Alitaka kuta ziwe zimeanguka na kifusi kimetoka kabla yake, ili wenyewe watakaporudi kutoka ibadani wakute mlango wazi. Alisimama kwenye vumbi kila siku, kitambaa puani, hasikii la mtu. Jiwe la jina lilishushwa salama likapelekwa uani kwa Nanihera. Walipofika chini kwenye udongo mweusi wa bwawa la zamani, bado laini, bado una harufu ileile, Bekha alipiga magoti akauminya mkononi. Wiki ile ile kikohozi kikamlaza.

Hospitali walisema mapafu yake yameharibiwa na vumbi la shaba la miaka mingi, na la ukumbi limemalizia. Mvua zilianza akiwa kitandani, na mrija puani. Kila Nanihera alipoingia, aliulizwa jambo lile lile kwa macho tu, na kila mara alimjibu ukweli, maana hakuwahi kumdanganya. Bwawa limeshika maji, ya kahawia, yanafika magotini. Hiti bado. Ardhi inakunywa kwanza, Baba, imekaa na kiu muda mrefu. Naye aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa mgeni yuko njiani.

Alifariki mvua zikiwa katikati. Siku hiyo asubuhi Nanihera alikuwa amepita Swanhiti, akaangalia. Midomo ilikuwa mikavu.

Bado ni mikavu. Mvua za mwaka wa pili zimepita, bwawa limejaa, ndege weupe wamelijua, na chini ya mdomo wa katikati kumeota doa la kijani ambalo wengine wanasema ni dalili ya maji na wengine wanasema ni ukungu wa ukutani tu. Bibi Asamaru naye amekwenda. Tirtha Man, ambaye sasa hupanga karamu njiani na amegundua zinamlipa vilevile, huja uani kwa Nanihera mara kwa mara na kulitazama lile jiwe lililolazwa pembeni.

"Dada, tulisimamishe pale bwawani. Tuchonge na jina la Diwani chini ya la mama. Mtaa utachangia. Niruhusu tu."

"Bado, Kaka Tirtha."

"Unangoja nini?"

Anamkaribisha chai. Hajamweleza mtu yeyote alichoambiwa siku ya mwisho hospitalini, alipokuwa anamfunika miguu, baba yake akausogeza mrija pembeni kwa kidole na kumwashiria ainame.

"Lile jiwe la mama yako," alisema, "maji yakirudi lilaze chini ya mdomo wa kati, pale lilipopasuka lile lingine, watu watue mitungi. Maandishi yaangalie chini, wanawake wasiogope kulikanyaga. Alikuwa na haya sana yule, hakupenda kutazamwa na watu."